Bata Mzinga wa Mzee Gachanja

Jumatatu, 3 Machi 2025
Kliniki tena. Becky, daktari wa mazoezi, amemnyoosha binti yangu Shantel miguu, akamsimamisha kwenye ile fremu ya mbao. Shantel akamwangalia, halafu akashuka chini taratibu kama mama aliyechoka na ibada. Ana miaka minne na misuli bado legevu. Becky anasema nisikate tamaa: mtoto hukataa zoezi, hakatai kitu anachokitaka. Nimtafutie.
Nimetafuta. Doli, simu, biskuti. Biskuti anaingojea palepale chini. Anajua mama atachoka kwanza — na mama huchoka.

Jumatano, 5 Machi
Leo nimeogopa mpaka uji ukaungua. Mzee Gachanja, landlodi wetu, ana bata mzinga anayetembea hii ploti kama yeye ndiye mwenye nyumba. Sisi wapangaji tunamwita Chifu. Amefukuza mtu wa gesi. Amefukuza pasta. Mimi huenda kuanika nguo na mwiko mkononi. Sasa natoka nje, nakuta Shantel ametambaa mpaka katikati ya uwanja, uso kwa uso na yeye! Chifu akajifura, akatandaza mkia, akapiga kelele zake zote. Shantel akacheka. Akanyoosha mkono ashike ile nyama nyekundu ya shingoni.
Chifu akarudi nyuma. Tangu tuhamie Kiamunyi sijawahi kumwona akirudi nyuma.

Alhamisi, 6 Machi
Shantel amemtambalia Chifu asubuhi yote. Magoti yamechubuka. Nimempaka dawa, akarudi nje kabla haijakauka. Chifu akaona heri apande kwenye mawe ya ujenzi kando ya tangi la maji. Shantel akashika tangi. Akajivuta. Akasimama!
Akaanguka. Nilidhani atalia — akaangalia kiganja, akakipangusa kwa nguo, akashika tangi tena. Akaanguka kwa makalio. Tena tangi. Mimi nikikosewa na fundi wa nguo nanuna wiki nzima. Huyu hata haulizi ni nini kimemwangusha.
Nimempigia Becky. Amecheka mpaka nikasikia mtu huko akimuuliza kuna nini. Anasema hiyo ndiyo tiba, bata aendelee na kazi.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Mzee Gachanja amepita kututangazia kwamba kesho wakwe wanakuja kuleta mahari ya binti yake, na Chifu ndiye kitoweo. Nikamweleza habari ya Shantel, tangi, Becky, yote. Amenisikiliza kwa heshima sana, kofia mkononi.
"Pole, Mama Shantel," akasema. "Lakini siwezi kuambia wakwe nyama yao iko kazini."
Nikamwambia achukue kuku wangu wote. Akasema wakwe wameshaahidiwa bata mzinga, na wamefurahi.
Jioni Shantel ameachilia tangi. Amesimama peke yake, mikono hewani, kama amebeba beseni kubwa ambalo sisi hatulioni. Halafu chini. Nimeenda jikoni nikalia, nikasingizia vitunguu. Hata sikuwa napika.

Jumamosi, 8 Machi
Naandika haraka, nimekaa mlangoni. Mzee ametoka na gambuti miguuni, kisu amekificha mgongoni. Mkewe, Mama Wariara, yuko nyuma na sufuria ya maji moto. Chifu akajua. Akazunguka nyumba, akapita kwenye kamba ya nguo, akaenda na leso yangu shingoni. Mzee mbio, Chifu mbio, leso ikipepea. Mwisho amejibanza kati ya tangi na ukuta. Na mbele ya tangi kuna Shantel, ameshikilia.
Mzee akamwambia, "Sogea kidogo, mjukuu wangu." Shantel ameangalia bata. Ameangalia Mzee. Ameachilia tangi.
Hatua moja! Kuelekea kwa Mzee, kidole juu, kama anamwonya. Mzee hajasonga. Nyingine. Anayumba kama nyasi, lakini yuko juu. Mama Wariara ameweka sufuria chini, mkono mdomoni.
Wakwe wanapiga honi langoni. Hakuna anayeenda kufungua.
Mzee ameniita, kwa sauti ndogo kabisa: "Mama Shantel, kuja umtoe mtoto."
Nimemjibu, "Nakuja, Mzee."
Mguu wa kushoto umeinuka, unatetemeka, unatafuta pa kukanyaga. Mzee ameita tena. Nimemjibu tena, nakuja.
Sijainuka.