Tao la Mlango Mkubwa

Jumatatu, 3 Agosti 1992
Mistari minne ya matofali leo. Kuta za kanisa la kigango zimefika pale mlango mkubwa unapotakiwa kufungwa juu. Nimekula ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa huku. Kwetu Mbuji ni mahindi, lakini huku ziwani nimeshazoea. Nanenepa.

Jumanne, 4 Agosti
Kikao kimenikera. Mzee Komba, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, anataka zege bapa juu ya mlango. Siku hizi saruji na nondo zimejaa madukani Mbinga, anasema, kwa nini tung'ang'anie udongo wa kuchoma?

Nikatoa picha aliyoniachia baba. Kanisa la matofali mekundu, kaskazini kwa Wajerumani, karibu na bahari. Refu ajabu. Milango imechongoka juu kama viganja vya mtu anayesali. Bruda wa misheni aliyemfundisha baba uashi alitoka huko. Kwao mawe ya kujengea ni shida, alisema, kwa hiyo wazee wao walichoma udongo. Makanisa yale yana miaka mamia na bado watu wanasali humo.

"Mwanangu," akasema Mzee Komba, "hao walikuwa na mafundi."

"Na nyinyi mnaye, Mzee. Ni mimi."

Padre alicheka mpaka akakohoa. Nimeruhusiwa kujenga tao la matofali. Tao likianguka, zege.

Ijumaa, 7 Agosti
Nimechora mlango mchangani, ukubwa wake kamili. Kigingi kila upande. Uzi sawa na upana wa mlango. Zungusha kutoka huku, zungusha kutoka kule. Mistari ikakutana juu. Ncha! Nikapiga kigelegele peke yangu. Akina mama waliokuwa wakianika usipa wakaitikia, hawajui hata tunashangilia nini.

Seremala Hyera ameanza kukata mbao za kalibu, ile ya kubeba matofali mpaka tao likauke.

Jumanne, 11 Agosti
Nimefunga tao lote kwa siku moja. Najisifu, hakuna wa kunizuia humu.

Jumatano, 12 Agosti
Ufa. Upande wa kushoto, kutoka begani mpaka karibu na ncha.

Kosa langu. Kwa haraka ya jana sikuloweka matofali. Yamekunywa maji yote ya udongo wa kujengea. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua hilo. Nimejichukia.

Nikamwendea Mzee Komba kabla hajaambiwa na mwingine. Nikamwamkia, nikamwambia nimekosea, nataka kubomoa upande mmoja nianze upya. Nilingoja neno zege.

Akaja kuutazama ufa.

"Bomoa," akasema. "Maji ya kulowekea nitachota mimi."

Nilidhani ni utani. Amechota ndoo kumi na tisa, suruali imekunjwa magotini. Nikamsihi apumzike. Akanifukuza.

Alhamisi, 20 Agosti
Siku ya kutoa kalibu. Kigango kizima kimekuja, wote wamesimama mbali. Nikaenda kusimama chini ya tao, maana nani mwingine asimame? Mara Mzee Komba huyo, kando yangu. Kavua kofia tu.

Hyera akagonga kabari ya kwanza. Ya pili. Kalibu ikashuka, vumbi likatumwagikia kichwani. Nikafumba macho.

Tao limesimama. Kelele, na Padre akigonga karai kwa mwiko wangu.

Mzee Komba akajipangusa vumbi. "Na madirisha?"

"Madirisha vipi, Mzee?"

"Nayo yachongoke."

Yako kumi na mawili! Nimecheka mpaka machozi.

Jumapili, 23 Agosti
Misa ya kwanza kupitia mlango mkubwa. Paa bado, tumesali juani. Nilikaa nyuma kabisa ili nione watu wakiingia. Ijumaa na jana kila aliyepita hapo aliinama kwa woga, hata watoto, na tao liko juu kuliko mtu yeyote wa hapa.

Leo wameingia wakiongea mambo yao. Bibi mmoja alisimama katikati ya mlango kufunga kanga yake vizuri. Hakuwa na haraka.