Ekzosi ya Baba

Ijumaa, baada ya Magharibi

Ningeiacha tu ile ekzosi kuukuu, bomba lile la moshi, jamani.

Pikipiki imewaka leo. Siku zote za eda ya mama nimeshinda gerejini hapa uani, nikiigeuza pikipiki ya marehemu baba iwe ya spoti. Usukani umeshuka, tangi ni jipya, kiti kimeinuka nyuma. Injini sikuibadilisha. Nilitaka mama aisikie tena.

Maana mama hakuwa akimngoja baba kwa kutazama saa. Baba akirudi kutoka shamba, Makurunge, pikipiki ikikohoa tu pale kona ya msikiti, mama anateleka chai. Hata siku moja hakukosea.

Leo nimeiwasha mlangoni, nikavuta mafuta, nikasubiri. Ilinguruma vizuri, kama zile za vijana wa Dar. Mama akaita kutoka jikoni, kwa sauti yake ile ya kupokea wageni:

"Karibu, mwanangu. Unamtafuta nani?"

Kile kikohozi kilikuwa cha ekzosi. Ilikuwa na tundu. Na mimi, fundi mzima, nikaona kutu tu, nikaifungua na kuwapa wanunuzi wa vyuma chakavu. Saa hizi imeshayeyushwa huko, na hata nikitoboa hii mpya...

"Ni mimi, mama," nikamjibu. "Ni ile ya baba."

Akatoka, akaitazama kwa muda mrefu, akalishika tangi.

"Hongera, mwanangu. Nzuri."

Akarudi ndani. Chai hakuteleka.