Kota Namba Tisa

Jumatatu, 4 Machi
Yule dada wa makumbusho kaja tena. Ukumbi wa tiketi wa stesheni kuu unageuzwa mahali pa kuonyesha historia ya reli, na eti historia haikamiliki bila kota zetu. Anataka vitu vya marehemu baba: kofia ya kazi, taa ya kuashiria treni. Halafu kitanda. Halafu birika. Nikamwambia, basi nichukue na mimi. Kacheka. Sikuwa natania.

Mama kakubali hapohapo. Akaanza kumweleza kwamba kota zilitangulia, stesheni ikafuata, maana wajenzi walihitaji pa kulala. Kavimba kichwa siku nzima.

Ijumaa, 15 Machi
Wamebeba hadi mlango! Ule wa mbao, wenye 9 aliyoichora baba. Wametuachia bati. Nimefoka mpaka sauti imekauka. Mama ananituliza: nyumba ikishaingia kwenye historia, nani ataigusa? Kumbe ndiyo maana anatoa kila kitu.

Jumanne, 26 Machi
Alama nyekundu, kota zote. Zinavunjwa kupisha maegesho ya wageni wa makumbusho. Yaani waje kutazama nyumba yetu, gari wameliacha juu ya nyumba yetu.

Nimekwenda stesheni nachemka. Yule dada hakuniangalia usoni. Eti yeye ni wa maonyesho tu, kubomoa ni idara nyingine. Nikamwambia, rudisheni vitu, basi. Eti haiwezekani, vimeshapigiliwa misumari. Pumbavu kabisa.

Nimerudi, namkuta mama anasugua alama kwa sabuni. Haitoki.

Alhamisi, 11 Aprili
Wamevunja. Tuko kwa shangazi. Mama hajala.

Jumamosi, 13 Aprili
Ufunguzi. Mimi sikutaka, mama kang'ang'ania. Tumeingia na umati.

Mbunifu wa stesheni kapewa picha ukuta mzima. Baba ni "mfanyakazi wa reli", basi. Na palipokuwa dirisha la tiketi, chumba chetu: mlango, kitanda, birika, kofia msumarini. Mbele yake kamba.

Mama kavua viatu pale mlangoni, kama siku zote. Kapita chini ya kamba. Kajilaza kitandani.

Mlinzi akamfuata: mama, toka, hapa hapakaliwi. Mama kamwuliza, umepiga hodi? Hii nyumba ya watu, rudi nje. Na yeye, jitu zima, akarudi nje!

Yule dada kaninong'oneza nimtoe mama yangu, wageni wanapiga picha. Nikamwambia hiyo ni idara nyingine.

Nimevua viatu na mimi. Nimekaa miguuni pake, naandika hapahapa. Mlinzi karudi na wenzake wawili, wamesimama mlangoni wanasukumana nani aanze.

Mmoja kapiga hodi.

Mama kasema wasubiri, anavaa kilemba.