Sufuria ya fundi betri

Mwenzangu, nimemwambia mbele ya majirani wote, "Moshi wako uvute wewe, si mwanangu!"

Namsema fundi betri, huyu tunayepakana ukuta. Anavunja betri kuukuu za magari na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo, hapo uani. Tangu aanze, mwanangu akipumua ni filimbi tupu. Leo daktari kaniambia ule moshi ni sumu, unabana kifua na risasi inaingia kwenye damu ya mtoto.

Fundi ananijibu, "Mama Kelele, mbona wangu mzima?"

Mama Kelele. Mimi.

Hapo hapo mkewe akatoka na huyo mzima mgongoni. Mwenzangu, filimbi ile ile. Wote tunamsikiliza mtoto anavyovuta pumzi. Mke akasema, "Nilidhani mafua."

Fundi akamwaga mchanga kwenye moto wake. Mke kwa aibu akanivuta mkono, "Ingia dada, tule, yaishe."

Nikaingia. Maharage yanachemka, na ile sufuria naijua. Kila siku naiona nikichungulia juu ya ukuta, imejaa risasi.

Nikamuuliza fundi aliyeingia nyuma yetu, "Si hii unayoyeyushia?"

"Nimeisugua na mchanga."

Ameisugua na mchanga! Na hiyo risasi wanaila kila siku.

Nimezima jiko, nikamwambia mkewe, "Usimwonjeshe mtoto hata kijiko. Mlete kwangu mle, kisha wote tunakwenda kwa daktari. Na wewe fundi, nawa kwanza, uje."