Kabla ya Saa Sita Mchana

Ballinvarna, Kaunti ya Cork, Ireland
29 Mei 1921

Dada Winifred,

U hali gani huko London, na Mama kifua chake kinaendeleaje huko nyumbani Keighley? Mimi mzima wa mwili, ila sikio la kushoto linavuma tangu Jumanne. Mama usimwambie.

Jabez amekufa. Jabez Oldroyd, jirani yetu, yule aliyekuwa akikuita Bibi Taipureta. Tulikuwa polisi kumi na mmoja ndani ya lori, tumetoka kuchukua barua, Jabez anaimba vibaya kama kawaida yake. Waasi walikuwa nyuma ya ukuta wa mawe. Bomu lilitua miguuni mwa dereva. Jabez alipigwa risasi ya tumbo akaanguka barabarani, sisi tukalala mtaroni tunafyatua bila kuona tunampiga nani. Aliniita kwa jina, Winnie, robo saa nzima. Sikwenda. Ningekwenda ningekufa, lakini sikwenda. Wakashuka wakammaliza, wakamvua viatu vyake vya kahawia alivyonunuliwa na mama yake.

Jioni tukaingia kijijini tukachoma nyumba nne na duka. Mzee mmoja alitoka amekumbatia blanketi, nikampiga kitako cha bunduki mdomoni. Hakuwa amefanya lolote. Meno yalidondoka mlangoni nikayakanyaga. Sasa wanasema kutakuwa na uchunguzi na watu watashtakiwa. Silali, dada. Nimepona vita vya Ufaransa miaka mitatu, nije kufungwa kwa ajili ya duka la mboga?

Mdogo wako,
Enoch


London
6 Juni 1921

Mdogo wangu Enoch,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Mama hajambo, kifua kimetulia kwa hili jua. Nimemwambia una mafua tu.

Pole kwa Jabez. Nimemlilia chooni, maana ofisini hatulii mbele ya watu. Lakini yule mzee, Enoch! Nani alikufundisha hayo? Si nyumbani kwetu. Baba akipandwa na hasira alikuwa akienda uani kupasua kuni mpaka impoe. Hasira hasara. Nenda ukapasue kuni.

Sasa nisikilize. Nachapa barua za wakubwa wa serikali tangu asubuhi mpaka vidole vinakufa ganzi, kwa hiyo najua ninachokuambia: wamechoka. Wale waliokuwa wakipiga meza wakitaka askari zaidi, sasa wanaulizana nani azungumze na nani. Kaa ndani, usijitolee kwa lolote, urudi mzima, na mikono yako isizidi kuchafuka. Sina ombi lingine.

Dada yako,
Winifred


Ballinvarna
30 Juni 1921

Dada,

Salamu zimefika na soksi zimefika, moja kubwa moja ndogo; fundi huna aibu. Sikio limepona.

Hata huku tumesikia kwamba Waziri Mkuu amewaalika viongozi wa Ireland mezani. Wenzangu wanacheka: juzi walikuwa wauaji, leo karibuni chai.

Nimemwona mwenye viatu vya Jabez. Anaitwa Malachy Twohig, fundi wa matandiko ya farasi, nyumba ya mwisho karibu na kisima. Viko miguuni mwake, na kile kiraka cha kisigino alichoshona Jabez mwenyewe. Akanisalimia sokoni bila wasiwasi! “Habari za leo, konstebo.” Mkono ulikwenda wenyewe kwenye bastola. Sajenti Gathercole akaudaka. “Mguse huyo, kijana, nikutie pingu mimi mwenyewe. Amani inanukia. Wakubwa wanatafuta wa kunyonga ili wao waonekane wasafi.”

Basi nimenyamaza. Lakini kinachonizuia ni kamba ya kunyongea tu, si wema. Nisikudanganye.

Mdogo wako,
Enoch


London
Ijumaa, 8 Julai 1921

Enoch wangu,

Hujambo? Mama anakusalimu. Keti kwanza ndipo usome.

Mapigano yanakwisha Jumatatu, saa sita mchana, pande zote mbili. Wakuu wako watawatangazia, lakini kuna jambo lako hasa, na hilo hawatakuambia. Katika karatasi niliyochapa leo kwa mikono yangu, nakala tano, wameandika kwamba lolote lililotendwa na upande wowote kabla ya saa hiyo halitapelekwa mahakamani. Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu kabla ya kuitoa kwenye mashine. Zile nyumba, yule mzee, hakuna atakayekuuliza.

Wakijua nimekuambia nafukuzwa kazi leo hii. Lakini nitalalaje nikijua wewe hulali? Lala sasa, mdogo wangu. Siku tatu tu. Barua hii ichome.

Dada yako akupendaye,
Winifred


London
Jumamosi, 9 Julai 1921

Enoch,

Salamu baadaye. Ile sentensi imefutwa. Asubuhi mkubwa wetu amerudisha rasimu, imekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni ameandika “Hapana.” Hapa karatasi hubadilika mara kumi kabla ya kutiwa sahihi. Mimi nalijua hilo kuliko yeyote, na bado nikakutumia rasimu kana kwamba ni sheria. Mjinga mimi.

Saa sita ya Jumatatu iko pale pale, ila msamaha haupo. Usimtajie mtu habari za yule mzee. Na huyo mtu wa viatu mwache, nakusihi, mwache. Usivuke lango mpaka kengele za saa sita zilie. Nakimbia kuiwahi posta.

Dada yako,
Winifred


Ballinvarna
Jumatatu, 11 Julai 1921, saa kumi

Dada mpenzi,

Natumai u mzima. Mimi mzima kabisa, leo nimekula viazi sahani mbili.

Barua yako ya Ijumaa nimeipata jana. Nimeichoma kama ulivyoagiza, ila sentensi yenyewe nimeihifadhi kichwani. Nilipata usingizi mzito, mara ya kwanza tangu Mei. Nikaamka najua la kufanya, kwa kuwa nilikuwa nimebakiwa na asubuhi moja.

Nilitoka saa tano na nusu kwa mlango wa jikoni. Kijijini wanawake walikuwa wakitundika vitambaa madirishani. Twohig alikuwa uani kwake, miguu iko ndani ya beseni, viatu vya Jabez viko juu ya benchi vimepigwa rangi. Akatabasamu. “Umewahi, konstebo! Bado robo saa tuwe marafiki.”

Nikamwuliza amevipata wapi. Akasema alivinunua kwa mtu mnadani, akaapa. Mama yake akatoka na unga mikononi, naye akaapa. Pengine ni kweli. Nilimpiga risasi ya tumbo, kama Jabez. Beseni likapinduka. Mama yake akanirukia akanichana shavu kwa kucha, nikamsukumia ukutani, akabaki hapo. Twohig akaanza kuita. Mara hii sikukimbia mtu anayeita, nilisimama pale pale mpaka nilipompiga ya pili. Saa yangu ilisema saa sita kasoro dakika saba. Nimeiandika kwenye daftari na jina langu chini yake, asije mtu akadai ilikuwa baada ya muda.

Kengele zilinikuta njiani. Watu wanakumbatiana, bibi mmoja akanipa kipande cha keki. Kambini nikamweleza Gathercole mbele ya wote, sikuficha kitu. Alikwenda tu kwenye simu. Hajui tunalolijua mimi na wewe.

Asante, Winnie. Bila wewe nisingethubutu. Viatu ninavyo, nitampelekea mama yake Jabez.

Posta ya leo imeleta barua yako nyingine. Mwandiko ni wa mbiombio, nadhani ni furaha ya amani. Nimeitia mfukoni niisome na chai, maana Gathercole ananiita ofisini. Kuna maofisa wawili wamefika na gari kutoka Cork.

Mdogo wako,
Enoch