Kashata ya Pili

Mjukuu wangu Rukia,

Huku Mji wa Kale sote tu wazima, ila goti langu halinipi raha. Ujumbe wako umenikasirisha. Ati huyo mavyaa yako aliyemzaa mumeo ataka mwanao, ambaye njugu humdhuru, aonjeshwe njugu kidogo kidogo, azoee, nawe waona haya kumkatalia. Koo la mtoto si mahali pa kujaribia.

Mamako alipokuwa na miaka miwili, alikula kashata ya njugu siku ya Idi, midomo ikamvimba. Jirani yetu Bi Zuhura alikuwa ametoka kulisifu gauni lake, basi nikasema ni jicho. Nikamfukiza mtoto ubani, na Bi Zuhura nikamnunia. Wiki ya pili nikampa mamako kashata nyingine kwa mkono wangu huu. Pumzi ikamkwama. Aliyembeba mbio mpaka kwa daktari kule Makadara ni Bi Zuhura yule yule. Daktari ndiye aliyetwambia ni njugu.

Bi Zuhura alifariki kabla sijamwomba radhi. Hilo sijajisamehe.

Kwa hivyo usimwonee mtu haya. Ukiona njugu mkononi mwa mwanao, mpokonye, hata kama aliyempa ni mimi.

Bibi yako