Mlango wa Sauti

7 Februari

Mwanangu,

Sisi huku wazima. Mgongo wa mama yako umetulia tangu aache kuinama kwenye beseni, na mimi sina la kulalamikia ila miwani, ambayo naona imezeeka kuliko mwenyewe. Wewe je? Huko kwenye ghala la baridi wamekupa koti zito kama walivyoahidi, au bado unavaa langu?

Sasa kazi uliyonipa. Ulieleza kwamba ule mchezo wetu wa kujenga unakaa ndani ya kompyuta ya hapa nyumbani, na ukitaka kuingia kutoka huko uliko unakwama kwenye ruta, kile kifaa kinacholeta intaneti, kwa sababu ruta humfungia kila mgeni ambaye haijaambiwa habari zake. Basi niipe maagizo: atakayegonga mlango wa namba fulani, mpeleke moja kwa moja kwenye kompyuta. Nimekuelewa. Nilifungua ukurasa wa ruta, nikaweka neno la siri lililobandikwa chini yake, nikaandika namba ya mlango na anwani ya kompyuta, nikahifadhi. Kila hatua nimeiandika pia kwenye shajara yangu, nisije nikakusumbua mara ya pili. Lakini mama yako anasema ulipiga simu ukasema umegonga na hakuna aliyefungua. Nakutumia picha ya ukurasa uikague.

Swali moja. Kwa chini kuna sehemu ya mazungumzo ya sauti, nayo inataka mlango wake. Niufungue na huo? Ningependa kukusikia tukiwa tunajenga.

Fanya haraka uje. Tangu uondoke nimeanza kuongeza chumba cha juu kwenye nyumba yetu ya mchezoni, na sikwambii kilivyo. Utakiona mwenyewe.

Baba yako


15 Februari

Shikamoo Baba,

Mimi mzima. Koti nimepewa, ila lako nalivaa kwa ndani. Baridi ya humu, mtu ukipiga chafya inaganda kabla haijafika sakafuni.

Picha yako imenichekesha hadi msimamizi akaniuliza kulikoni. Baba! Anwani ya kompyuta inaishia na tatu, wewe umeandika nane. Nane ni simu ya Mama. Yaani mimi nagonga, ruta inanipeleka kwa Mama. Hebu muulize kama hakusikia mtu akibisha hodi kwenye mkoba wake.

Badilisha iwe tatu. Halafu usizime ruta ukutani kila ukitoka chumbani, nakujua wewe na swichi. Ikizimwa ikawashwa inaweza kugawa anwani upya. Kuna kisanduku cha kuweka alama ili kompyuta ibaki na anwani ile ile, kiwekee alama.

Ya sauti achana nayo. Ni usumbufu mwingine ule, na hapa nakaa chumba kimoja na wenzangu wawili, nitaonekana kichaa naongea peke yangu. Tutaandikiana kwenye skrini, inatosha.

Hicho chumba cha juu umekipima kwa futi kamba? Sijasahau ulivyoilaza futi kwenye kioo cha kompyuta, nikakwambia Baba, hizi ni tofali za mchezo, ukanijibu tofali ni tofali. Mimi ombi langu ni moja tu: dirisha lake lisitazame ukuta wa jirani kama la chumba changu hapo nyumbani.

Mwanao


3 Machi

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama na umepata usingizi wa kutosha. Mama yako anakusalimu, na anasema hodi hakuisikia, ila ungeingia angekupa sahani za kuosha.

Nimerekebisha. Ruta siizimi tena, ingawa roho inaniuma kuona taa zake zikiwaka kwenye chumba kisicho na mtu. Kisanduku nimekiwekea alama. Namba nimezirudia polepole. Lakini fundi simu wa pale kona, niliyemwomba ajaribu kutoka dukani kwake, naye anasema hakuna kinachofunguka. Picha nyingine hii hapa.

Ukurasa huo wa ruta umeandikwa kwa herufi ndogo mno, na sijaona pa kuzikuza. Hizi za barua nimezikuza hadi mama yako anasema anaisoma akiwa jikoni. Nimegundua nikiitazama namba kwa pembeni kidogo, badala ya kuikazia macho, inakaa vizuri zaidi. Pengine ni mwanga wa dirisha.

Chumba kinaendelea. Sakafu imekwisha.

Baba yako


28 Machi

Shikamoo Baba,

Samahani kwa kuchelewa. Wametubadilishia zamu na kila nikirudi naanguka kitandani na viatu.

Picha nimeiona. Tatu umeipata, sasa umekosea namba ya mlango wenyewe. Umeweka sita mahali pa tano, na sifuri moja umeiacha. Baba, tuseme ukweli. Wewe ndiye Bwana Mita. Ulisoma mita za umeme za mji huu hadi ukastaafu, zile za kwenye kona zenye buibui, bila tochi, na hakuna nyumba iliyowahi kukulalamikia. Leo tarakimu tano zimekushinda? Mimi naona huzitazami. Unafanya juu juu kwa sababu ni mchezo tu.

Kama umeuchoka, niambie. Nami nitapumzika, maana nikitoka kazini nina usingizi wangu wa kutosha.

Msalimie Mama.

Mwanao


18 Aprili

Mwanangu,

Nashukuru kwa barua yako. Niliisoma, nikaiweka, nikaona nisijibu siku hiyo hiyo. Hatujambo. Mvua imenyesha na paa halijavuja.

Mlango umefunguka. Safari hii mama yako alikaa karibu yangu akanisomea tarakimu moja moja kwa sauti, mimi nikabonyeza. Ungemsikia, kama mwalimu anayeita majina darasani. Fundi simu akajaribu tena kutoka dukani kwake, akaingia, akazunguka, akanipigia simu: “Mzee, nyumba yako hii mbona nzuri kuliko ile unayolala?” Nikamwambia atoke, si yeye ninayemngoja.

Mchezo sijauchoka. Nisingependa ukae ukidhani hivyo.

Nitakuwepo kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Utanikuta nimesimama mlangoni pa nyumba, nimevaa ile kofia nyekundu uliyonichagulia. Usipande juu bila mimi. Nataka nikupandishe mwenyewe, nikuonyeshe kimoja kimoja. Njoo mapema uwezavyo.

Baba yako


30 Mei

Shikamoo Baba,

Najua, najua. Mama ameshanisema kwenye simu. Kila nikimpigia ananiambia, “Baba yako yuko kwenye kompyuta, anakungoja,” nami najibu Jumamosi ijayo. Wiki nyingi walinipanga mchana. Ile moja niliyokuwa huru nilijilaza kidogo nikaja kuamka jua limeshazama.

Ila Jumamosi hii nimebadilishana zamu na mwenzangu na nimeshampa neno. Vaa kofia yako.

Afya yako vipi? Siku hizi barua zako hazina habari zako.

Mwanao


6 Juni

Shikamoo Baba,

Nimekuja, ukaniona.

Nilifurahi jana, Baba. Niligonga, nikaingia bila kikwazo, nikatokea kule chini kwenye majani. Nikakuona kwa mbali, kofia nyekundu mlangoni. Nikapanda kilima mbio. Nikaandika, “Shikamoo Bwana Mita.” Kimya. Nikaandika, “Baba upo?” Kimya. Nikakurukia rukia usoni kama mbuzi. Ukageuka kidogo, ukatazama pembeni. Nikaandika mara ya tatu kuuliza nasamehewa lini, nawe umesimama vile vile, huna habari nami.

Nikasema sawa. Amekasirika na ana haki yake. Sikupanda juu, maana ulinikataza nisipande bila wewe. Nikatoka.

Lakini Baba, kama ulikuwa hutaki kunisemesha, ungeniambia tu nisije. Nilimwachia mwenzangu Jumapili mbili kwa ajili ya ile saa moja.

Mwanao


20 Juni

Mwanangu,

Anayeandika hapa ni mama yako. Maneno ni yangu, makosa ya herufi ni yake. (Si kweli. Mama.)

Sikukasirika. Nilikuwa nimekaa pale tangu nimalize kula, sauti nimeifungua yote. Nilikusikia ukija. Unajua ule mchezo kila sakafu ina mlio wake: nilisikia majani, kisha changarawe, kisha mbao za kibaraza, nikajua ni wewe kwa jinsi unavyokwenda mbio halafu unasimama ghafla. Nikasema, “Karibu mwanangu, karibu ndani.” Nilikuwa na kile kipaza sauti chako cha zamani mdomoni, nikidhani mlango ule uliofunguka unapitisha na sauti. Nikakwambia twende juu. Ukaruka ruka mbele yangu, nikacheka, nikakuita Kidole, jina lako la utotoni. Nikageuza sikio nikusikie vizuri. Hukujibu. Nikadhani bado una hasira ya zile tarakimu. Halafu mbao zikalia, changarawe ikalia, ukaondoka.

Kumbe ulikuwa unaandika. Mama yako alikuwa nje anaanua nguo, hakukuwa na wa kunisomea.

Siyaoni maandishi, mwanangu. Kila ninachokitazama kina doa katikati. Pembeni naona, katikati hakuna kitu. Lilianza dogo, kabla hata hatujashughulika na ruta. Daktari wa macho anasema litakua, na kilichokwenda hakirudi. Nilimkataza mama yako asikwambie. Nilitaka kwanza uje ukione chumba wakati bado ninaweza kukuonyesha. (Nilimwambia akwambie. Nilimwambia kila siku. Mama.)

Shajara nimeiacha. Mistari ilikuwa inapandana.

Nina ombi. Chumba nilikimaliza Mei nikikungoja, ila taa za ukutani nilizifunga mwisho, kwa kuhesabu hatua na kusikiliza nikigonga ukuta. Ingia upande juu mwenyewe, ndiyo ruhusa hiyo, kisha uniambie kama zimenyooka. Usinidanganye. Nimemuuliza mama yako akasema ziko sawa, lakini kwake yeye hata ile picha ya sebuleni iliyoinama iko sawa. (Iko sawa. Mama.)

Kompyuta siizimi tena. Njoo saa yoyote.

Baba yako, kwa mkono wa mama yako


27 Juni

Mama, shikamoo. Barua hii msomee Baba kwa sauti, yote, hata pale utakapoona haya.

Shikamoo Baba.

Sauti inapita mlango wake. Ulio wazi ni wa kuingilia na wa maandishi tu. Wewe uliniuliza Februari kama uufungue na ule mwingine, mimi nikakwambia achana nao. Kwa hiyo uliposema karibu, sauti yako iliishia hapo hapo chumbani. Haikutoka nje ya ruta. Nimeisoma tena ile barua yangu ya tarakimu tano, nikaifunika.

Jumamosi nitapiga simu. Nitamsomea Mama namba, naye atabonyeza, tuufungue. Wenzangu chumbani nimewaambia nitakuwa naongea peke yangu, wanizoee.

Sasa chumba. Nimeingia leo asubuhi kabla ya kuandika. Kofia nyekundu haikuwepo mlangoni. Nilibisha hodi hata hivyo, nikapanda.

Ni chumba changu. Kitanda upande wa kushoto, rafu yenye kile kipande kinachokosekana, meza, hata msumari niliokuwa natundikia koti. Umeuwekea na koti. Sakafu haina tofali hata moja lililopishana na jingine, futi kamba imefanya kazi. Na pale palipokuwa na dirisha linalotazama ukuta wa jirani umetoboa ukuta mzima ukaweka kioo. Nimesimama hapo. Naona kilima chote, na ile njia ya changarawe hadi chini kabisa, hadi kwenye majani ninapotokea nikiingia. Mtu akisimama hapo anamwona anayekuja tangu mbali.

Umesema nisikudanganye. Taa nimezikagua moja baada ya nyingine. Za upande wa dirisha zimenyooka. Za upande wa mlango, mbili za mwisho zimeshuka chini ya zile nyingine. Nilianza kuing'oa ya kwanza niipandishe, nikairudisha ilipokuwa.

Zote zinawaka, Baba.

Kidole